Kuunganisha data za SAP ECC, Salesforce na mfumo wa stoo: niulize kwenye chanzo au ninakili?

mtoa_ripoti

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Tuna mifumo mitatu: SAP ECC 6.0 juu ya Oracle (oda na ankara), Salesforce (wateja na mauzo yanayofuatiliwa), na programu ya stoo iliyo juu ya SQL Server (mizigo iliyotoka). Uongozi unataka ripoti moja inayoonyesha kilichoahidiwa na watu wa mauzo, kilichoingizwa SAP, na kilichotoka stoo. Wanataka iwe ya "sasa hivi".

Nimesimika Trino ili niulize mifumo yote kwa SQL moja bila kuhamisha data. Oracle na SQL Server nimeziunganisha moja kwa moja. Salesforce haina kiunganishi kwenye Trino ya bure, kwa hiyo data yake hutolewa kila usiku na kuwekwa kwenye majedwali ya Iceberg (muundo wa majedwali ambao Trino inausoma).

Shida zangu: ulizo la mwezi mmoja linachukua dakika 40 japo jibu ni oda elfu chache tu (VBAP, jedwali la SAP la mistari ya oda, ina mistari kama milioni 60, jedwali la mizigo kama milioni 90). Wateja wengi wa SAP hawapatani na wa Salesforce ingawa ni walewale. Na jumla za fedha na idadi ya bidhaa hazilingani na zinazoonekana kwenye skrini za SAP.

Je, niendelee na federesheni (kuuliza data ikiwa kwenye chanzo) au ninunue zana ya kunakili kila kitu usiku?

---

Fundi_SQL

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Tafuta mistari inachujwa wapi.

Weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya ulizo lako, ikuonyeshe jinsi Trino ilivyoliendesha. Ukiona `TableScan` yenye `constraint on [...]`, kichujio kimeshuka hadi kwenye chanzo, na Oracle au SQL Server ndiyo iliyochuja. Ukiona `ScanFilterProject` yenye `filterPredicate`, Trino imevuta mistari yote kupitia mtandao, kisha ikachuja yenyewe. Halafu soma `Input:` ya hatua hiyo. Ikisema mamilioni wakati jibu ni elfu chache, muda wako unaliwa hapo.

Nakisia upande wa stoo ndio unaokuumiza. Kiunganishi cha SQL Server hakishushi kichujio cha safuwima ya maandishi ikiwa kolesheni yake (kanuni ya kulinganisha maandishi) haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na usimikaji mwingi wa SQL Server unatumia SQL_Latin1_General_CP1_CI_AS. Hiyo CI (case-insensitive, yaani haitofautishi herufi kubwa na ndogo) ndiyo tatizo. Kwa SQL Server 'ab12' na 'AB12' ni kitu kimoja, kwa Trino ni viwili. Kichujio kikishushwa, majibu yanaweza kutofautiana, kwa hiyo Trino inakubali kuchelewa ili isikosee. Kama namba ya oda kwenye jedwali la mizigo ni nvarchar (aina ya maandishi), basi hata ile orodha ya oda ambayo Trino imeshaipata Oracle na ingeweza kuipeleka SQL Server kama kichujio haifiki. Mistari milioni 90 inakuja yote.

Kagua hivi:

`SELECT name, collation_name FROM sys.columns WHERE object_id = OBJECT_ID('dbo.Mizigo');`

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: viunganishi vya JDBC (vya hifadhidata kama Oracle na SQL Server) kwenye Trino ya bure vinasoma jedwali kwa muunganisho mmoja. Ukiongeza seva kumi za Trino, bomba la kutoka SQL Server linabaki lilelile moja.

Dawa, kwa mpangilio wa urahisi. Chuja kwa safuwima ya tarehe yenye aina ya tarehe, na uandike mipaka wazi: kuanzia tarehe 1 ya mwezi, chini ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Usiifunge safuwima ndani ya `date_format(...)`, maana hapo kichujio hakishuki. Kama hiyo haitoshi, tumia `TABLE(stoo.system.query(query => '...'))`. Maandishi yaliyo ndani yanapelekwa SQL Server kama yalivyo, nayo inatumia faharasa zake. Kama mwenye programu ya stoo anaruhusu, ongeza safuwima ya kukokotolewa `TRY_CAST(NambaOda AS bigint) PERSISTED`, iwekee faharasa, uunganishe kwa namba badala ya maandishi.

Upande wa Oracle, kumbuka tarehe za SAP ni maandishi ya herufi 8. Andika `erdat >= '20240301'`. Ukiigeuza safuwima kuwa tarehe ndani ya WHERE umeshaharibu. Weka `mandt = '...'` (namba ya klayenti, yaani sehemu huru ya data ndani ya SAP) kila jedwali, kwa sababu karibu faharasa zote za SAP zinaanza na MANDT, na bila hiyo utapata pia data za klayenti nyingine kama zipo kwenye hifadhidata hiyo. VBAK (vichwa vya oda) na VBAP ziko Oracle moja, kwa hiyo kuziunganisha kunaweza kufanyika hukohuko, lakini Trino ikiwa kwenye mpangilio wa AUTOMATIC inahitaji takwimu za majedwali yote mawili ndipo ithubutu. Kama takwimu hazipo, zikusanye Oracle.

Na tafadhali usielekeze haya kwenye seva kuu. Ulizo la dakika 40 kwenye Oracle inayoandikwa muda wote linaweza kuanguka kwa ORA-01555, kwa sababu undo (kumbukumbu ya thamani za awali) ya zamani imeshaandikiwa juu. Kwenye SQL Server, kama READ_COMMITTED_SNAPSHOT (kusoma bila kufunga) haijawashwa, msomaji anashika kufuli za kusoma na mtu wa stoo anasubiri kuhifadhi mzigo wake. Atatokea mtu akushauri NOLOCK, yaani kusoma bila kujali kufuli. Kataa: inaweza kusoma mstari mara mbili au kuuruka kabisa, na ripoti ya mizigo haivumilii hilo.

---

mwalimu_abap

Nitajibu hilo la jumla kutolingana, kwa sababu hata ulizo likichukua sekunde mbili, majibu yatakuwa ya makosa vilevile. Unaposoma majedwali ya SAP chini ya programu, unapata thamani za ndani. Skrini huzigeuza kabla ya kumwonyesha mtumiaji, lakini SQL haigeuzi chochote.

Anza na fedha. SAP huhifadhi kiasi kana kwamba kila sarafu ina desimali mbili. Yen ya Japani haina desimali, kwa hiyo yen 12,345 zinakaa kwenye jedwali kama 123.45. Dinari ya Kuwait ina desimali tatu, kwa hiyo 1.234 inakaa kama 12.34. Jedwali TCURX linaorodhesha sarafu zisizo na desimali mbili. Kanuni ni kuzidisha kiasi kwa 10 yenye kipeo cha (2 − CURRDEC), ambapo CURRDEC ni idadi ya desimali iliyoandikwa TCURX. Sarafu isiyomo TCURX haiguswi. Kwa yen unazidisha kwa 100, kwa dinari ya Kuwait kwa 0.1. Usijumlishe sarafu tofauti kabla ya hatua hii.

Idadi nayo ina mtego wake. KWMENG (idadi iliyoagizwa) kwenye VBAP iko katika kipimo cha mauzo (VRKME), ambacho kinaweza kuwa katoni, wakati stoo inahesabu kimoja kimoja. Zidisha kwa UMVKZ, gawanya kwa UMVKN (viwango vya kubadili kipimo), zote zimo kwenye mstari uleule wa oda. Tumia hizo badala ya kwenda kuchukua MARM (jedwali la vipimo vya bidhaa) ya leo, kwa sababu mtu akibadilisha ukubwa wa katoni mwezi ujao, oda za zamani zitabadilika pamoja nayo. Majina ya vipimo yenyewe ni ya ndani pia: kipande kinakaa kama ST, lakini mtumiaji wa Kiingereza anaona PC. Kutafsiri kuko T006A. Ndivyo ilivyo kwa aina ya oda: oda ya kawaida imehifadhiwa kama TA, skrini ya Kiingereza inaonyesha OR. Ukichuja `auart = 'OR'` unapata sifuri.

Kisha hesabu ni nini hasa unachojumlisha. VBAK ina oda (VBTYP, yaani aina ya hati, ya C), lakini pia maulizo ya bei (A), nukuu (B) na marejesho (H). Mstari uliokataliwa bado umo VBAP. Unaujua kwa ABGRU (sababu ya kukataa) kuwa na thamani. Kabla ya kuandika SQL, kaa na mhasibu mkubaliane "oda" kwenye ripoti hii ni ipi. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye maelezo ya mtazamo (view) wenyewe, ili anayekuja baadaye asiyabahatishe.

Wateja: KUNNR (namba ya mteja SAP) ina nafasi 10, na namba yenye tarakimu pekee hujazwa sifuri mbele, '0000012345'. Salesforce mtu ameandika 12345. Usikate sifuri kwenye SAP, jaza upande wa pili, na ujaze pale tu thamani yote ni tarakimu. Namba yenye herufi, mfano 'EXP77', SAP haijazi chochote. Hata hivyo mtu aliyekosea kuandika namba hataokolewa na sifuri. Tengeneza jedwali la ulinganisho: kitambulisho cha SAP, cha Salesforce, cha stoo, tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika, na nani aliyeuthibitisha ulinganisho huo. Wasiopatana wawekwe kwenye orodha yao ionekane kwenye ripoti. Usiwaache wadondoke kimya kwa INNER JOIN, inayoacha wasio na jozi.

Ukifika kwenye uhasibu: BSEG (mistari ya hati za uhasibu) kwenye ECC juu ya Oracle ni jedwali la klasta, data yake imefungashwa ndani ya RFBLG. Kwa SQL ya moja kwa moja utaona baiti zisizosomeka. Soma BSID/BSAD kwa wateja, au pitia tabaka la programu. RFC_READ_TABLE (kazi ya SAP ya kusoma jedwali kutoka nje) inayopendwa na zana nyingi inabeba baiti 512 tu kwa mstari, kwa hiyo chagua safuwima chache.

Na leseni. Kama Oracle yenu ilinunuliwa kupitia SAP kwa leseni ya matumizi ya SAP pekee, kuisoma moja kwa moja kwa Trino kunaweza kuwa nje ya mkataba. Soma mkataba leo, kabla ripoti haijategemewa na wakurugenzi.

---

mtoa_ripoti

Asanteni sana wakuu. Nimekagua: kolesheni ni CI kama alivyosema Fundi, NambaOda ni nvarchar(20), na `Input:` ya Mizigo inaonyesha jedwali lote. Leseni ni ya kupitia SAP, kwa hiyo nimesimamisha muunganisho wa moja kwa moja wa Oracle. Sasa nitoeje data SAP? Na nikinakili, nitajuaje kilichobadilika bila kusoma milioni 60 kila usiku?

---

bahari_ya_data

Umefanya vizuri kusimamisha.

Kwa SAP tumia viondoaji (extractors) vya kawaida vya mauzo, 2LIS_11_VAHDR kwa vichwa na 2LIS_11_VAITM kwa mistari, ukivipitisha kwenye ODP (mfumo wa SAP wa kutoa data) kwa OData (njia ya wavuti). Njia ya RFC (mwito wa mbali wa SAP) ya ODP usiiguse kwa zana isiyo ya SAP, noti ya SAP 3255746 inaikataza. Muuzaji wa zana akikuambia "tunasoma ODP", muulize kwa njia ipi, upate jibu kwa maandishi. Faida ya viondoaji hivi ni kwamba vina foleni ya mabadiliko: baada ya ujazo wa kwanza unaletewa yaliyobadilika tu. Ujazo wa kwanza unahitaji majedwali ya maandalizi yajazwe kwa amri ya SAP OLI7BW, na wakati huo oda zisiingizwe, vinginevyo zitakazoingia katikati zinaweza kukosekana. Panga usiku au mwisho wa wiki, ukubaliane na watu wa mauzo. Foleni utaiangalia kwa amri ya ODQMON.

Usijaribu kujitengenezea mabadiliko kwa AEDAT (tarehe ya kubadilishwa) ya VBAK. Ni tarehe bila saa, na oda ambayo haijawahi kubadilishwa inaweza kuwa nayo tupu.

Stoo: SQL Server ina njia mbili. Change Tracking inakwambia mstari upi umeguswa, thamani unaenda kuisoma mwenyewe. Ni nyepesi na inatosha hapa. CDC (Change Data Capture) inahifadhi pia thamani za kabla na baada. Zote mbili hufuta historia: kwa chaguomsingi Change Tracking siku 2, CDC siku 3. Kazi yako ikilala tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, tayari una pengo kwenye Change Tracking, na halitakupa kosa lenyewe. Kabla ya kila usomaji linganisha toleo lako la mwisho na `CHANGE_TRACKING_MIN_VALID_VERSION`. Kama lako ni dogo, jaza upya jedwali zima. Ongeza muda wa kuhifadhi hadi siku 7 uwe na nafasi ya kupumua.

Kama hamruhusiwi kuwasha chochote kati ya hivyo lakini jedwali lina safuwima ya rowversion (namba inayopanda kila mstari ukibadilika), itumie, ila kikomo cha juu kiwe chini ya `MIN_ACTIVE_ROWVERSION()`. Muamala ulioanza mapema na kumalizika baadaye unaweza kuwa na namba ndogo kuliko ile uliyokwisha kuipita, na hutauona tena. Rowversion pia haioni mistari iliyofutwa. Hapo unahitaji kulinganisha funguo zote angalau mara moja kwa wiki.

Kuandika upande wa pili, tumia MERGE (ongeza au sasisha) kwa ufunguo wa chanzo, kwa namna ambayo bechi ileile ikiletwa mara mbili matokeo hayabadiliki. Italetwa mara mbili, hilo lihesabu kama jambo la kawaida.

Mimi kwa hali yako ningenakili vyote vitatu kila dakika 15 na kuachana na federesheni. Uongozi ukisema "sasa hivi", waulize ni uamuzi gani unaobadilika ndani ya dakika 15 hizo.

---

wingu_safi

Naongeza ya Salesforce kwa ufupi, maana imepitwa.

Kitambulisho cha herufi 15 kinatofautisha herufi kubwa na ndogo. Cha herufi 18 hakihitaji. Ukipeleka vya 15 kwenye safuwima ya CI, rekodi mbili tofauti zitaonekana moja. Hifadhi vya 18 kila mahali, pamoja na kwenye jedwali la ulinganisho.

Mabadiliko yafuatwe kwa SystemModstamp (saa ya badiliko la mwisho), ila thamani ya safuwima ya fomula ikibadilika, SystemModstamp haisogei. Nakili safuwima zinazoingia kwenye fomula, kokotoa mwenyewe. Zilizofutwa zipate kwa queryAll zikiwa na IsDeleted. Pipa la taka linazishika siku 15. Ujazo mkubwa upitie Bulk API 2.0 (njia ya Salesforce ya kutoa data nyingi) usile mgao wa API wa saa 24 ambao programu nyingine za kampuni zinautegemea.

Na saa: Salesforce inatoa UTC, datetime ya SQL Server haina kanda yoyote, SAP inatumia saa ya mfumo wake. Mauzo ya saa za mwisho za mwezi yataangukia miezi tofauti kwenye mifumo tofauti. Chagueni kanda moja ya ripoti na mgeuze wakati wa kupakia.

---

Fundi_SQL

Nakubaliana na bahari_ya_data kuhusu historia. Kuhusu kuachana na federesheni kabisa, sikubaliani. Uamuzi uwe wa jedwali moja moja. Mtu wa huduma kwa wateja anayefungua oda moja aone kama mzigo umetoka, hilo ni ulizo la ufunguo mmoja, mistari michache, na `system.query` italijibu haraka likiwa na data ya sekunde hiyo. Ripoti ya mwezi isome nakala.

Ila ukichanganya nakala na data hai kwenye ripoti moja, mpaka usiwe tarehe ya kuundwa. Wengi huandika "za hadi jana kutoka kwenye nakala, za leo kutoka kwenye chanzo", kisha mzigo wa wiki iliyopita ukirekebishwa leo unabaki na thamani ya zamani. Mpaka uwe ni toleo la mwisho lililonakiliwa: chukua kutoka chanzo funguo zote zilizobadilika baada ya toleo hilo, ondoa funguo hizo kwenye nakala, ndipo uunganishe kwa UNION ALL. Pamoja na zilizofutwa, ambazo zinaondolewa bila kurudishwa.

Haki za kuona pia ziangaliwe. Trino inaingia kwenye chanzo kwa akaunti moja ya kiufundi, kwa hiyo mipaka yote iliyowekwa ndani ya programu ya stoo au SAP haipo tena. Aliyezuiwa kuona tawi jingine ataliona. Weka vichujio vya mistari kwenye kanuni za Trino kabla hujamgawia mtu yeyote anwani.

Kwa ulinganifu, usianze na mwezi huu unaoendelea kubadilika. Chukua mwezi uliofungwa, gawanya kwa aina ya oda na sarafu, toa idadi ya mistari na jumla ya kiasi, linganisha na VA05 (orodha ya oda) ya SAP kwa vigezo vilevile. Idadi ya mistari ikilingana na kiasi kisilingane, rudi TCURX. Idadi yenyewe ikitofautiana, angalia VBTYP, ABGRU na MANDT kabla ya kulaumu unakili.